Kahawa Isiyo na Shamba

Kama hukuwahi kukaa kwenye benchi la Muhidini pale Bakoba, mjini Bukoba, mwaka ule wa 1974, basi kuna uwongo mwingi mtamu umekupita. Benchi lenyewe lilikuwa ubao uliong'olewa kwenye bodi ya lori bovu, ukalazwa juu ya rimu mbili, na ukuta wa duka lililofungwa ndio ulikuwa wa kuegemea. Muhidini, ambaye babu yake alitoka pwani na yeye mwenyewe hajawahi kuiona pwani hata kwa picha, alikaa kwenye kigoda na buli lake juu ya makaa, akimimina kahawa yenye tangawizi nyingi kuliko kahawa. Wateja wa kudumu walikuwa watatu. Bartholomayo, katekista mstaafu, aliitwa Redio, kwa kuwa ndiye mwenye redio na kwa kuwa naye alikuwa hazimiki. Apolinary aliitwa Kozi, kwa sababu mwaka 1968 alipelekwa kozi ya wiki mbili Mwanza na kwa maneno yake hajarudi mpaka leo. Wa tatu alikuwa Ishengoma, balozi wa nyumba kumi, ambaye mbele yake aliitwa Balozi na nyuma yake aliitwa Tangazo.

Jumamosi hiyo, siku chache kabla ya Sabasaba, Ishengoma alikaa pembeni badala ya katikati, na mkono wake wa kulia haukutoka kwenye mfuko wa shati. Mle mfukoni mlikuwa na fomu ya maonyesho. Ilikuwa ya mashine ya kahawa ya Philbert, fundi wa pikipiki na majiko, jirani yao wa nyumba ya tatu. Chini kabisa ya fomu palikuwa na mstari mtupu: Nathibitisha kwamba yaliyoandikwa hapo juu ni kweli na halali, sahihi ya Balozi. Saa sita mchana gari la mkoa lingepita kukusanya vitu vya kuonyeshwa. Bila sahihi, mashine haipandi gari, na Philbert alikuwa ameitolea jasho mwaka mzima.

Sasa Ishengoma aliliogopa hilo neno halali, na aliyemtia hofu hiyo ni kopo moja la kahawa. Mwezi wa tano yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, alisimama mbele ya nyumba zake kumi akasoma tangazo. Kahawa yote ni ya kupeleka chamani, kwenye ushirika. Atakayempa mtu mwingine, hata kibaba, huyo ni mlanguzi. Mtu mmoja wa upande wa Nshamba alikuwa ameshachukuliwa kwa madebe mawili, na mkewe alikuwa bado anampelekea chakula ndani. Ishengoma alilisoma tangazo hilo kwa sauti kubwa, akalirudia kwa Kihaya kwa ajili ya wazee.

Wiki tatu baadaye Philbert akaja kwake na shida. Mashine aliyopewa na Mtaliano wa kupima barabara ilikuwa inataka kahawa, na kahawa aliyoijua Philbert maisha yake yote ni akamwani, ile ya kutafuna, inayochumwa mbichi, ikachemshwa na majani, ikakaushwa, ukampa mgeni kiganjani akiingia nyumbani. Basi aliichoma hiyo, akaisaga, akaitia mashineni. Ikatoka dawa ya minyoo. Mkewe Immakulata alimwekea mbuzi, na mbuzi akaondoka. Ndipo Philbert akaelewa kwamba alihitaji kahawa iliyoivia mtini, nyekundu, iliyokaushwa mkekani bila kuguswa na mvua. Na kwa Mhaya kumnyima jirani kahawa ni aibu ambayo hakuna tangazo linaloweza kuifuta. Ishengoma alimpa kopo zima, kutoka mikahawa iliyopandwa na marehemu baba yake, mzee Buberwa, kule Nyanga. Akamwambia, usimwambie mtu. Philbert akajibu, kwa ile Ta ya heshima ya Kihaya, mimi tena, Ta Ishengoma?

Kwa hiyo alikaa pembeni, akisikiliza.

— Jana imelia tena, alianza Kozi. Fyuuu, halafu kimya, halafu fyuuu. Mmesikia, au masikio ni yangu peke yangu?

— Tumesikia, alisema Redio. Kuku wangu hawajataga tangu ianze kulia.

— Kuku wako hawajataga tangu uhuru, alisema Muhidini.

— Mimi nasema ile ni enkonyagi, Kozi akaendelea. Nilipokuwa kozi Mwanza tulifundishwa. Pombe kali haipikwi bila vitu vitatu: jiko, chombo cha kufunika na bomba. Philbert ana jiko la mafuta la kupampu. Ana birika la chuma lililofunikwa. Ana bomba. Mnataka ushahidi gani tena, awaletee chupa hapa?

— Kozi yako ilikuwa ya kufuga nyuki, waitu, ndugu yangu, alisema Redio.

— Nyuki wanatoa asali, asali inatoa pombe. Usidharau elimu ya mtu.

Ishengoma akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepima jambo zito. Ukweli ni kwamba moyo wake ulikuwa umetulia. Wakisema enkonyagi, hawasemi kahawa. Akaona achochee moto kidogo.

— La pombe tusilipuuze, alisema. Bomba nimeliona kwa macho yangu.

— Mmemsikia Balozi, alisema Kozi. Ameona.

Redio alikuwa anasubiri zamu yake, na alipoipata aliivuta kama mtu anayevuta kamba ya kengele ya kanisa.

— Pombe ni dhambi ndogo. Hamkumbuki mwaka juzi zile ndege za vita za nchi jirani zilivyopita hapa juu? Zilijuaje njia? Haya, yule Mtaliano. Alikuja kupima barabara. Amepima, amepima, barabara iko wapi? Ameondoka ameacha chuma kinachong'aa, na usoni kina saa. Mimi nimeichungulia dirishani. Haiishii kumi na mbili ile saa. Inakwenda mpaka kumi na tano. Nani hapa amewahi kufika saa kumi na tano?

Hakuna aliyewahi.

— Ni saa ya mawimbi ile, akamalizia. Kila asubuhi ikilia fyuuu, redio yangu inakwaruza.

— Redio yako inakwaruza hata ikiwa haina betri, alisema Kozi.

— Siku nyingine inakwaruza kwa Kireno.

— Kireno wewe unakijua?

— Sikijui. Ndiyo maana nasema ni Kireno.

Muhidini akamwongezea kikombe, akajifuta mikono kwenye kikoi. Yeye hakucheka. Ishengoma alimtazama akaona kwamba huyu wasiwasi wake ulikuwa wa kweli, na ukimwona mtu wa biashara ana wasiwasi wa kweli unakaa vizuri.

— Nyinyi mnahangaika na mambo ya angani, alisema Muhidini. Mimi nawaambia cha hapa chini. Wiki mbili huyu Philbert amekaa hapo hapo alipokaa Redio. Anakunywa kikombe kimoja saa nzima. Akimaliza, anachungulia ndani. Mtu asiye na hila anakunywa kahawa anakwenda zake. Yule anachungulia, anasugua ule unga wa chini kwa kidole, ananiuliza, Muhidini, kinu chako unatwanga mara ngapi? Mara ngapi ya nini? Ananisoma. Kesho mtaamka mtaikuta mashine imesimama kona hii, na mimi na buli langu tunapelekwa kijijini kulima. Huo ndio unyonyaji wenyewe, umevaa kromu.

— Hilo nalo, alisema Ishengoma kwa haraka, nitalifikisha kwenye tawi.

— Lakini tuseme ukweli, Kozi akaingilia. Mashine ni mashine. Mimi ninachojiuliza ni hiyo kahawa anayoti...

Ishengoma alifungua mdomo ageuze maneno, lakini Redio alimtangulia, akikohoa kikohozi kisicho na mafua.

— Kahawa si tatizo, ndugu yangu. Kahawa iko kila mahali. Tatizo ni mawimbi.

— Ndivyo nilivyotaka kusema hata mimi, alisema Kozi, na akainama kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

Hapo Balozi akaanza kuwatilia shaka upya. Kwa nini Redio amemwokoa? Katekista mstaafu anajua kutunza siri ya mtu miaka, na siku ya kuitoa anaijua yeye. Na huyu Kozi ameanza neno akalimeza, tangu lini Kozi anameza neno? Wanajua, aliwaza. Wanajua habari ya kopo na wananichezea. Wananisubiri niweke sahihi, halafu waende tawini mguu kwa mguu. Akaisukuma fomu ndani zaidi mfukoni na kuwasikiliza kwa makini, kama askari wa zamu.

Kozi alipoinuka kutoka kwenye kiatu chake alikuwa na jambo jipya, na kama ilivyo desturi ya mtu aliyetoka kuogopa, lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

— Nilichotaka kusema ni makapi. Immakulata anayamwaga nyuma ya nyumba, nimeyashika kwa mkono huu. Ni mazito vile vile. Kahawa imeingia mashineni, imetoka, haijapungua. Sasa kilichotoka ni nini?

— Maji meusi, alisema Muhidini.

— Nguvu. Imetoka nguvu. Ile mashine inafyonza nguvu ya kahawa, inaiweka pembeni. Mtaliano atarudi siku moja na begi dogo, ataondoka na nguvu ya Bukoba yote begini, na sisi tutabaki tunapeleka maganda chamani. Mwakani mtaliona gunia limejaa mpaka mdomo, mkiliweka kwenye mzani mshale hausogei.

— Uwii, alisema Redio kwa sauti ya chini. Na chuma kikishazoea nguvu, hakitaishia kwenye kahawa. Hamuoni Philbert alivyokonda?

— Amekonda kwa sababu halali, alisema Muhidini. Anakunywa vikombe kumi kwa siku.

— Halali kwa sababu gani?

— Nimekwambia, vikombe kumi.

— Hiyo ni sababu anayoitoa yeye.

Walikuwa hapo, kwenye kukonda kwa Philbert, Philbert mwenyewe alipojitokeza anasukuma baiskeli. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amefunga kitu kwa kanga ya mkewe na mpira wa tairi, na kwenye kapu la mbele kulikuwa na jiko, jagi la maji na vikombe vidogo. Kweli alikuwa amekonda. Macho yalikuwa makubwa na yamechangamka kama ya mtu aliyepata habari njema usiku uliopita na hajamwambia mtu.

— Hamjambo wazee wangu. Ta Ishengoma, shikamoo. Nimefuata fomu.

— Marahaba. Fomu ipo. Haraka ya nini?

— Gari linakuja saa sita.

— Na sasa ni saa ngapi?

— Tano na nusu.

— Saa ya kawaida au ile yako ya kumi na tano? aliuliza Redio.

Philbert hakuelewa. Ishengoma akakunja uso wa kazi.

— Wananchi wana maswali, alisema. Siwezi kuweka sahihi wakati wananchi wana maswali. Funua hicho kitu.

Kanga ilipoondoka, jua lilipiga kwenye kromu na Kozi akasogea hatua moja nyuma ya Muhidini. Mashine haikuwa kubwa. Ilikuwa birika la chuma lililosimama wima, mkono mrefu juu yake, na ule uso wa kioo wenye mshale. Philbert akaanza kueleza. Ukimpa fundi nafasi ya kueleza kazi yake huna budi kuvumilia, na huyu alikuwa hajapewa nafasi hiyo na mtu yeyote isipokuwa mbuzi.

— Ilikuwa ya umeme, na waya wake wa ndani uliungua. Nikakata chini, nikaikalisha kwenye jiko la mafuta. Mpira wa ndani ulikuwa umepasuka, mvuke unatokea pembeni. Nikachonga mwingine kwa mpira wa breki za lori. Mkono wake ulikuwa mfupi, ukikandamiza maji hayapiti kwenye kahawa. Nikauongeza kwa chuma cha kitanda.

— Cha kitanda gani?

— Chetu. Tunalala tumeinama upande mmoja, lakini tunalala. Halafu chujio. Matundu yake yalikuwa makubwa, unga unapita wote. Nimetengeneza jipya kwa bati la kopo la maziwa, nimelitoboa kwa sindano ya cherehani. Matundu mia mbili na kumi. Nilikosea la mia mbili na tisa nikaanza upya.

— Na hii saa? aliuliza Redio.

— Geji hii. Imetoka kwenye pampu ya kujazia matairi. Zamani kahawa ilikuwa chungu, nikadhani ni kahawa yenyewe. Kumbe maji yalikuwa moto kupita kiasi, yanaiunguza. Sasa nautoa mvuke kwanza, mshale ukishuka mpaka hapa, kwenye alama ya rangi ya kucha ya Immakulata, ndipo nafungulia. Ile fyuuu mnayoisikia ni hiyo. Maji yanapumua.

— Ndivyo watakavyosema wote, alisema Redio, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

— Onyesha, aliamuru Ishengoma.

Philbert akawasha jiko, akapampu. Walisubiri. Kozi alikuwa amesogea mpaka kwenye kona ya ukuta, na Redio mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko wenye rozari. Mashine ikaanza kunguruma, Philbert akageuza kifungo kidogo na mvuke ukatoka fyuuu mbele ya watu wote, mchana kweupe, na hakuna ndege iliyopita. Kisha akafungua kijaluba, akachota unga wa kahawa laini kama hina, akaushindilia kwa kijiti cha mpera, akaufunga mahali pake. Akavuta mkono wa kitanda chini kwa uzito wake wote. Ukatoka uzi mwembamba wa kahawia, ukashuka kikombeni bila sauti, na juu yake pakafunga povu la rangi ya njugu.

Kikombe cha kwanza alipewa Muhidini, kwa heshima ya kazi. Muhidini aliunusa mwisho wa dunia mle ndani, kwa jinsi alivyokunja uso. Akanywa. Akakaa.

— Tangawizi umeweka lini? aliuliza.

— Sijaweka.

— Sukari?

— Sijaweka.

Muhidini alilitazama buli lake juu ya makaa, akalitazama muda mrefu, na Ishengoma alimwonea huruma. Ilikuwa miaka ishirini ya asubuhi ile ile na buli lile lile.

Kisha kikombe kikaja kwa Balozi. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Alikuwa amechuma kahawa tangu alipoweza kufikia tawi, ameianika, ameiokoa kwenye mvua, ameibeba kichwani mpaka chamani, na ile ya kutafuna haihesabiki. Lakini hakuwahi kuinywa kahawa yake mwenyewe. Iligusa ulimi ikiwa kali, halafu ukali ukafunguka na ndani yake mlikuwa na utamu wa mbali wa tunda bivu, ule ule wa ganda jekundu alilokuwa akilinyonya utotoni chini ya mikahawa ya mzee Buberwa, akichapwa kwa kulinyonya. Alijisikia furaha kubwa mpaka akainamisha uso wake isije ikaonekana. Hii ni yetu, aliwaza. Baba, hii ni yetu.

Alipoinua macho alimwona Redio amefumba yake na anatabasamu. Kozi alikuwa anaramba ukingo wa kikombe kwa majivuno, kama mtu aliyesifiwa hadharani. Furaha ya Ishengoma ikaingia mchanga. Hawa wanafurahia nini? Shamba si lao.

Hawakupata muda wa kusema. Land Rover ya mkoa ilikata kona, ikasimama, na mwanamke wa miaka kama thelathini akashuka na faili kifuani. Alivaa viatu vya kutembelea mashamba na kitambaa safi cha kichwa. Akasalimia wote kwa mkono, akajitaja kuwa Bi Mastura, afisa wa kamati ya maonyesho, mtu wa Tabora, ana miezi miwili tu Bukoba.

— Ndiyo mashine yenyewe hii? Na mimi nitaonja, au ni ya wazee tu?

Philbert akamtengenezea. Mkono wa mashine ulishuka vizuri. Bi Mastura alikunywa amesimama, taratibu, akamalizia. Akakigeuza kikombe juu chini kuhakikisha hakuna kilichobaki.

— Ndugu zangu, alisema, nimekunywa kahawa Moshi. Nimekunywa Dar es Salaam, kwenye hoteli za wageni. Kama hii sijakunywa. Mashine ni nzuri, fundi, hongera. Lakini mashine haiwezi kutoa kisichokuwemo. Kahawa hii ni ya shamba la nani?

Alikuwa ameuliza kwa upole, kalamu mkononi, tayari kuandika. Philbert alitazama chini.

— Ni ya hapa hapa, alisema.

— Hapa hapa kwa nani?

— Nilipewa.

— Na nani?

— Mwenyewe akipenda, atasema.

Bi Mastura akawageukia wazee, bado anatabasamu.

— Kuna nafasi ya jina lake kwenye fomu. Mkulima naye anakwenda, anasimama pale kando ya mashine. Wageni wakionja, jambo la kwanza watakalouliza ni hilo. Ni nani?

Ishengoma alifungua mdomo. Nataka ujue kwamba alifungua kweli. Mzee Buberwa alipeleka kahawa miaka arobaini, kila msimu inamwagwa kwenye rundo moja na ya watu wote, iliyochumwa vizuri na iliyopukutishwa mbichi, na akafa bila mtu hata mmoja kumuuliza ni ya nani. Leo mtu ameuliza. Neno lilikuwa kwenye ulimi, na ladha ya kahawa ilikuwa bado hapo hapo. Lakini aliona kalamu. Aliona faili. Akakumbuka tangazo na sauti yake mwenyewe akilisoma, akamkumbuka mwanamke wa Nshamba na kapu la chakula. Afisa gani anakunywa kahawa ya watu bure na kuisifu? Upole wote huu ni wa nini? Uso wa Bi Mastura ulikuwa uso wa mtu aliyefurahia kikombe cha kahawa, basi, lakini Ishengoma alikuwa balozi kwa miaka tisa na alishazoea kwamba uso si ushahidi. Akafunga mdomo.

Akageuka kuona nani atamchongea. Redio alikuwa anasoma maandishi kwenye ukuta usio na maandishi. Kozi alikuwa amerudia kiatu. Muhidini alikuwa anakoroga buli lililokwisha kahawa. Hapo Ishengoma akaelewa yote kwa mara moja. Philbert alikuwa amepita kwa kila mmoja wao, na kila mmoja alimpa, na kila mmoja alimwambia usimwambie mtu. Na kila mmoja, dakika chache zilizopita, alikuwa ameonja kahawa yake.

— Mimi sina shamba, alisema Muhidini bila kuulizwa. Mji mzima unajua.

— Labda iliokotwa, alisema Redio.

— Nilipokuwa kozi, alianza Kozi, na kwa mara ya kwanza tangu 1968 akashindwa kuendelea.

Bi Mastura aliwatazama mmoja mmoja. Tabasamu lilimtoka polepole. Hakuwa na hasira, alikuwa haelewi tu.

— Bukoba nzima ni mikahawa. Nimekuja njia yote naiona imeanikwa kwenye mikeka kila mlango. Na hii nzuri kuliko zote haina mwenyewe?

Upepo wa ziwani ulipitisha harufu ya makaa. Dereva wa Land Rover akapiga honi kidogo.

— Basi, alisema, akaandika kwenye faili. Mashine itakwenda. Kahawa isiyo na mwenyewe siwezi kuionyesha, kanuni hairuhusu. Utaiendesha kwa maji, ndugu Philbert. Watu wataona inavyofanya kazi.

— Maji matupu?

— Maji matupu.

Philbert alifunga kijaluba chake. Aliwatazama wale wanne, mmoja baada ya mwingine, akamtazama Balozi zaidi. Alikuwa ameahidi, na alikuwa mtu wa kutimiza. Akaanza kuifunga mashine kwenye kanga ikiwa bado ya moto.

— Balozi ni nani hapa? aliuliza Bi Mastura. Nipe ile fomu yako nijazie, kisha uthibitishe.

Ishengoma aliitoa mfukoni ikiwa imelowa jasho. Bi Mastura akaandika juu ya goti lake, akamrudishia pamoja na kalamu. Juu ya mstari wa sahihi, kwa wino wa buluu ambao ulikuwa haujakauka, palikuwa pameandikwa: Mkulima, hakuna. Aliyasoma mara mbili. Hakuna mtu kwenye benchi aliyemtazama.

— Hapo chini, alisema Bi Mastura. Jina kamili tafadhali, lako na la baba.

Ishengoma akaiweka fomu juu ya ubao, akailaza sawasawa kwa kiganja, na kwa ule mwandiko mzuri aliofundishwa na mapadre akaandika: Ishengoma Buberwa.